Leseni ya rubani: faili limelala, cheti cha afya kinahesabu siku



Hapa Masimba ukimwambia mtu unasomea urubani, kwanza anacheka, halafu anakuuliza shamba gani limeuzwa. Si swali baya. Masomo ya kufikia leseni ya rubani wa biashara, ile CPL, yanakula mamilioni ya shilingi, na wengi wetu nyumbani hatuna mamilioni mengine ya kungojea nayo. Kwa hivyo leo tuache habari za kuruka, tuongee juu ya meza. Ile meza ambapo karatasi zako zinafika ukiwa umemaliza kila kitu, halafu zinakaa.

Tuseme ni wewe. Una saa 200 za kuruka, au 150 kama ulifuata kozi kamili ya shule iliyoidhinishwa. Ndani ya hizo kuna safari moja uliyoongoza mwenyewe, isiyopungua kilomita 540, ukatua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Umepita mitihani ya darasani na ya hewani. Daktari amekupa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Sasa faili linaenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, pale JKIA Nairobi. Kutoka kwetu hiyo ni Sotik, Bomet, Narok, usiku mzima kwa gari, na majibu ya ofisi za umma unayajua hata kabla hujashuka: faili iko kwa bosi, sistimu iko chini, njoo wiki ijayo.

Watu wanadhani kungoja ni bure. Si bure. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa aliye chini ya miaka 40, kinadumu miezi 12. Kila mwezi faili linaolala, huo mwezi umetoka kwenye cheti chako, na kikiisha utalipa upya. Mikono nayo inasahau. Ukitaka isisahau, unakodi ndege kwa pesa yako, maana leseni ya rubani binafsi inakuruhusu kuruka lakini haikuruhusu kulipwa. Na kampuni yenye nafasi haiwezi kukuweka kwenye kiti bila ile CPL. Itamchukua aliye nayo, itakuwa imefanya sawa.

Tuwe waungwana lakini. Leseni si kitu cha kugawa kama maandazi. Mtu lazima apitie daftari lako la saa, alinganishe na rekodi za shule, ahakikishe mtahini aliyetia sahihi anatambuliwa. Kama ulisoma Afrika Kusini, Nairobi lazima waulize huko kama leseni yako ni ya kweli, na barua kati ya ofisi mbili haiendi kwa bodaboda. Huko kungoja kuna sababu. Ninachokataa ni kungoja kusiko na jina: hujui faili liko hatua gani, nani analo, wala kinachokosekana ni nini.

Na hapo sheria iko upande wako. Kipengele cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haraka, wa haki na unaofuata utaratibu, na haki yako ikiguswa vibaya upewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyofuata inahesabu ucheleweshaji usio na sababu kama jambo la kupeleka mahakamani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi lako.

Lakini sisi tumezoea kungoja. Wako miongoni mwetu waliofunzwa na kitambulisho: unapeleka karatasi zilezile, jina lako linaulizwa maswali ambayo la jirani haliulizwi. Februari 2025 Rais alitia sahihi Wajir amri ya kuondoa ule usaili wa ziada kwa kaunti za mpakani, baada ya watu kulalamika miaka na miaka. Tabia ya kunyamaza tuliyoipata kwenye foleni ile, tusiipeleke kwenye foleni hii.

India mwezi huohuo ilianza kutoa leseni ya rubani ya kielektroniki, inayokaa kwenye simu. China ilikuwa imetangulia. Sisi hata tusianzie mbali hivyo. Hatua za faili na siku za kila hatua ziwekwe mahali mwombaji anaziona, basi.

Wewe nawe, siku ya kupeleka maombi baki na nakala yenye muhuri na tarehe. Siku zilizoandikwa kwenye mkataba wa huduma zikipita, andika barua, usipige simu tu, uulize mambo matatu: limefika wapi, kinakosa nini, lini. Taja kipengele cha 47. Usipojibiwa, peleka nakala zote kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambao wengi wanawaita Ombudsman. Kulalamika kwao hakulipishwi. Ukiombwa chai ili faili litembee, usitoe. Anayeuza mwendo wa faili ana kila sababu ya kulilaza la mwenzako.

Kama barua inakushinda kuandika, tuletee nakala zako. Tutaiandika pamoja.