Mnara wa karibu si adui: chunga simu ndefu kwenye mtandao hafifu

Kila kukitokea habari kwamba mnara wa simu, au busta kama wengi tunavyouita, unataka kujengwa karibu na soko, swali huwa lile lile: hiyo mionzi haitatuletea saratani? Ni haki yako kuuliza. Ila maoni yetu ni kwamba hapa Kitui na Makueni tunauogopa mnara kupita kiasi na kuisahau simu iliyo sikioni.

Simu na mnara huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei. Athari yake inayojulikana vizuri ni kupasha mwili joto. Kamisheni ya kimataifa ya ICNIRP, iliyotoa mwongozo wake mwaka 1998 na kuupitia upya 2020, inasema kichwa kisipokee zaidi ya wati 2 kwa kila kilo. Hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha madhara.

Umbali nao una kazi yake. Ukiuongeza maradufu, nguvu ya mawimbi hubaki robo. Ndiyo maana simu iliyo sikioni hukufikishia mawimbi mengi kuliko mnara ulio mita mia kadhaa kutoka nyumbani.

Tena simu hubadilisha nguvu yake. Mnara ukiwa karibu, hutumia kidogo. Mnara ukiwa mbali au nyuma ya kilima, simu hujikaza: kabambe ya 2G inaweza kufika wati 2, na betri huisha mbio. Kaunti ya Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na minara ikiwa mbalimbali, simu zetu ndizo hufanya kazi ya ziada. Kwa hivyo anayekataa mnara akikimbia mionzi huenda anajiongezea ile ya simu yake. Na mtandao ukikosekana, ajenti hawezi kukutolea pesa, hata kama ni nauli ya kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku.

Je, saratani? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka mawimbi haya katika kundi 2B, yaani "huenda". Kundi hilo lina pia dondoo ya jani zima la aloe vera. Mwaka 2024, uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani ulipitia tafiti 63 na haukupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Sasa, sisi ni kampuni ya malipo na minara ikiongezeka tunafaidika. Kwa hivyo usichukue neno letu tu. Mnara unapopangwa, nenda kwenye kikao cha wananchi, uliza kama tathmini ya mazingira imepelekwa NEMA, na udai vipimo vya mawimbi visomwe kwa lugha mnayoielewa, Kikamba ikibidi.

Kwa upande wako:

- Mtandao ukiwa hafifu, tuma ujumbe au ungoje ufike mahali pazuri ndipo upige.
- Simu ikiwa ndefu, weka spika au tumia waya wa masikioni.
- Usinunue stika za "kuzuia mionzi". Zikiziba antena, simu hujikaza zaidi.
- Nunua simu halali. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI na uilinganishe na ile ya kwenye boksi. Simu feki hujui zilipimwa wapi. Serikali ilizizima mwaka 2012, lakini usidhani zimeisha sokoni.

Na kutuma pesa? Hapo usiwe na wasiwasi. Unaishika simu mkononi kwa sekunde chache, mbali na kichwa. Ukiwa unabonyeza PIN, cha kuangalia ni nani amesimama nyuma yako.