Kinjeketile alijua, akanyamaza

Wadau, nimerudi Dar. Wiki nzima nilikuwa nyumbani Mpuguso, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haikunipa nafasi ya kwenda popote. Nikaishia kufukua sanduku la vitabu vyangu vya sekondari. Humo nikakutana na Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, jalada limeshaliwa na mende. Kwenye ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika kwa penseli: SHUJAA, ANA MSIMAMO. Basi, ndivyo tulivyofundishwa kujibu mtihani.

Jioni nikamsimulia bibi yangu hadithi yote, yeye akimenya ndizi. Nilipofika mwisho, pale Wajerumani wanapomtaka Kinjeketile akane maji yake, na Kitunda, rafiki yake aliyeongoza jeshi, naye anamsihi aseme kweli ili watu wasiendelee kufa, naye anakataa katakata, bibi akasimamisha kisu.

"Hapo alishajua kwamba maji hayazuii risasi?"

"Alishajua, bibi."

"Na vijana wengine bado walikuwa wanakwenda?"

"Ndiyo."

"Mama zao je?"

Nikakaa kimya. Huku Unyakyusa hatukuingia katika vita ile, kwa hiyo bibi hana babu wa kumtetea. Labda ndiyo maana aliliona jambo ambalo mimi na darasa langu zima hatukuliona.

Kabla hamjanirushia mawe, tuelewane. Simsemi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa kweli, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla hata ya watu kuteketezwa kwa bombomu kule Mahenge. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Wala siwasafishi Wajerumani. Wao ndio waliolazimisha watu kulima pamba, na ndio waliochoma maghala hadi njaa ikaua kuliko risasi. Hesabu yao wenyewe ni watu 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000. Vita ilikuwa ya haki, hilo sibishani na mtu.

Ninabishana na uamuzi wa yule bwana wa kwenye kitabu. Hoja yake naijua, niliikariri: akikana maji, mkoloni atawaambia watoto wetu kwamba babu zao walikosea kupigana. Kweli kabisa, angewaambia! Lakini angalieni hoja hiyo imejengwa juu ya nini. Imejengwa juu ya imani kwamba watu wa kawaida hawawezi kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba maji ni maji tu, na kwamba Mjerumani lazima aondoke. Watu waliochapwa viboko shambani wanahitaji kweli dawa ya mtoni ili wajue wanaonewa? Kitunda hakuihitaji. Ndiye aliyeuliza maswali tangu mwanzo, Hongo aliposemekana kutaka wawe watoto wa Seyyid Said. Lakini shuleni nani aliandika insha ya kumsifu Kitunda? Tulimwona kama mtu aliyekata tamaa.

Mimi huo nauita dharau. Dharau iliyovaa joho la ushujaa, ndiyo maana haionekani.

Nampenda Kinjeketile, msinielewe vibaya. Nampenda kwa jinsi anavyohangaika, kwa vile neno lililotoka kinywani mwake limemshinda nguvu na yeye anaona. Asingekuwa na dhamiri nisingejisumbua kumwandika. Mhuni akidanganya hakuna habari hapo.

Na ninakasirika kwa sababu ninamfahamu. Kuanzia mwishoni mwa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka 2021 nchi yetu haikutoa takwimu za corona. Tuliambiwa watu wasitiwe hofu. Mimi nilikuwa mafunzoni kwenye chumba kimoja cha habari, nimepewa kazi ya kuandika taarifa za misiba. Kila mtu pale alijua. Tulivaa barakoa chooni na kuzivua mbele ya wakubwa. Na mimi, kwa mkono wangu huu, niliandika "changamoto ya upumuaji" hadi vidole vikazoea. Hakuna aliyenishikia bakora. Nilijiambia kwamba wasomaji wataingiwa na taharuki, kwamba wazungu watatucheka, kwamba mshikamano kwanza. Hoja nzuri zote, na zote zina harufu ya ukurasa ule wa mwisho.

Tofauti ni kwamba Kinjeketile alikuwa amefungwa, anapigwa. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili, nawaomba, na najua baadhi yenu mnasoma hapa. Mkifika kwenye "sifa za mhusika mkuu", msiwape watoto neno moja la kukariri. Waacheni wagombane darasani. Awepo wa upande wa Kitunda, na asinyimwe alama.

Na wewe unayejiandaa kuniandikia kwamba nimetukana mashujaa wetu, karibu sana, uwanja ni wako. Ila anza na swali la bibi. Hao vijana walioendelea kwenda baada ya yeye kujua, mama zao je?