Escort au Porsche: Lipi Lihifadhiwe?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Katika soko la magari ya kale, hata hivyo, mambo ni kinyume. Ford Escort na Porsche 911 za mashindano, zilizovuma miaka ya 1970, leo huuzwa Ulaya kwa bei inayoyapita magari mengi mapya. Kwa mkazi wa Kiserian habari hii si ya mbali. Barabara ya Magadi ipitayo mjini mwake huteremka hadi Oltepesi, jina lililopewa mmojawapo wa mikondo ya Safari Rally.

Tuyapime magari haya kwa haki. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini alishinda Safari kwa Escort RS1600, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kutwaa taji hilo tangu mashindano yaanze mwaka 1953. Wa pili alikuwa Sobiesław Zasada wa Poland, katika Porsche 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alimaliza wa pili kwa Porsche. Mwaka 1977 akashinda kwa Escort RS1800. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo wa Kenya naye akaifikisha Porsche katika nafasi ya pili. Ushindi wa Safari hiyo Porsche haikuupata kamwe.

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Katika Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, Waldegård alishinda mwaka 2007 kwa Escort na mwaka 2011 kwa Porsche. Dereva ni yule yule. Uhodari, basi, si hoja ya kuyatenganisha.

Tofauti imo katika maumbile. Injini ya Porsche iko nyuma, hivyo uzito wake huyakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, nalo halitelezi ovyo matopeni. Tena hupozwa kwa hewa: halina rejeta ya kutobolewa na mawe. Hata hivyo vipuri vyake ni ghali na ufundi wake ni wa wachache. Escort ni gari la umbo sahili, injini mbele, springi za vyuma vya bapa nyuma. Fundi mwangalifu hulielewa upesi. Kasoro yake ni kwamba Escort ya kawaida huweza kuvishwa sura ya RS, na mnunuzi asiyekagua nambari ya chesisi akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa mwenye kutafuta faida, Porsche yatosha. Kwa mwenye kutaka kuhifadhi, nachagua Escort, kwa kuwa gari lisiloweza kutengenezwa hapa nchini ni sanamu tu.

Hapa ndipo penye uzito. Sheria zetu kwa kawaida haziruhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8. Litakalouzwa ng'ambo leo, basi, si rahisi lirudi. Aidha, mafundi walioyahudumia magari ya Safari wanazeeka, na akishazikwa fundi, ujuzi wake huzikwa naye. Walimu wa vyuo vya ufundi wawaalike wazee hao madarasani, na wanafunzi waandike wanayoyasikia. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watalazimika kwenda Ulaya kusoma historia ya vumbi la Kajiado.