Kifaa cha kushtua moyo: Mbona hakijawasaidia wagonjwa wa figo?

Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, hatari kubwa mara nyingi haitoki kwenye figo bali kwenye moyo. Wengi hufariki ghafla, bila hata dalili za kutosha kukimbizwa hospitali.

Dawa yake inaonekana ipo: ICD, kifaa kidogo cha betri kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Mapigo ya moyo yakivurugika, kifaa kinaupiga moyo shoti ya umeme na kuurudisha sawa. Si wawekewe tu?

Mambo si mepesi hivyo. Madaktari nchini Uholanzi walilipima hilo kwa wagonjwa 188 wa kusafishwa damu, wenye miaka 55 hadi 80, ambao mioyo yao haikuwa imedhoofika sana. Kura iliamua nani apangiwe kifaa na nani aendelee na matibabu ya kawaida.

Utafiti ulisitishwa kabla ya muda, matokeo yakatoka 2019. Ndani ya miaka 5, vifo vya ghafla vya moyo vilikuwa asilimia 9.7 kwa waliopangiwa kifaa na 7.9 kwa wenzao. Tofauti hiyo haitoshi kusema kifaa kinaua, ila faida haikuonekana. Karibu nusu ya wagonjwa wa kila kundi walifariki katika kipindi hicho, kwa sababu mbalimbali.

Kwa nini? Shoti inafaa pale moyo unapokwenda mbio ovyo. Kwa wagonjwa hawa, moyo unaweza pia kupunguza mwendo taratibu hadi kuzima, hasa potasiamu ikipanda. Shoti haipunguzi potasiamu. Ndiyo maana vifo huongezeka baada ya siku mbili mfululizo bila kusafishwa damu, kwa kawaida wikiendi.

Halafu kuna waya. Hupita ndani ya mshipa mkubwa kuelekea moyoni, na mshipa huo ukiziba, mkono wa upande huo unaweza usifae tena kusafishia damu. Maambukizi nayo ni hatari ya kweli. Kuna aina mpya ambayo waya wake hukaa chini ya ngozi tu, lakini nayo haiwezi kuuendesha moyo uliopungua mwendo kwa muda mrefu.

Aliyewahi kunusurika moyo kusimama, au mwenye moyo dhaifu sana, hesabu yake ni tofauti. Utafiti wa Uholanzi haukumhusu.