Injini Isiyoonekana: Tulipie ya Nini?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Mchana kazi za programu zimenibana, na usiku nimekuwa nikiunganisha ndege. Si ndege za kuruka, ni zile za mfano, za plastiki, ambazo unagundisha mwenyewe kipande kwa kipande. Hapa Majengo majirani wakiniona barazani na brashi na chupa ya gundi huniuliza kama nimerudi utotoni. Nawajibu kwamba kutwa naandika vitu visivyoshikika, basi usiku nataka cha kushika.

Leo nataka kusema juu ya kitu kimoja kinachotula pesa sisi watu wa mchezo huu: vipuri vya ziada vya injini. Unanunua seti ya ndege, na ndani yake mna injini. Kisha unaona kampuni nyingine, nyingi zikiwa za Cheki kama Aires, Quickboost na Eduard, zinauza injini nzuri zaidi ya kubadilisha ile. Mate yanakudondoka. Maoni yangu ni haya: nyingi ya injini hizo hatuzihitaji, lakini chache zinastahili kila senti. Tatizo ni kujua zipi.

Kwanza tuelewe kwa nini zinapendeza. Plastiki ya seti hushindiliwa ikiwa moto ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili. Chuma hakipindiki, kwa hiyo kipande lazima kitoke moja kwa moja bila kukwama. Mapezi membamba yanayoizunguka silinda yakielekea kila upande hayatoki vizuri hivyo. Resini humiminwa katika kalibu ya mpira wa silikoni, na mpira unavutika. Ndiyo maana silinda ya resini ina mapezi ya kweli, na ya plastiki mara nyingi ina mistari tu. Siku hizi wapo pia wanaochapisha vipuri kwa mashine za 3D, na huko kalibu haipo kabisa.

Sasa kosa langu. Seti yangu ya mwanzo ya maana ilikuwa Hurricane. Nikaiagizia injini ya Merlin ya resini. Ukijumlisha posta na ushuru, injini ilinigharimu kuliko ndege yenyewe. Lakini Merlin ni injini ya silinda 12 inayopozwa kwa maji, na imefunikwa mabati pande zote. Ili ionekane ilinibidi niikate ndege pua. Nikaikata. Mabati hayakurudi sawa, pua ikawa kama imegongwa na matatu, na mwisho nikaziba kila kitu na kupaka rangi. Injini ile nzuri imo mle ndani mpaka leo. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, sasa pesa zako ziko wapi?" Sikuwa na jibu.

Baada ya hapo nikaamua kuunda ndege zenye uhusiano na kwetu. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, meli za kivita za Waingereza zilihamia Kilindini. Mwezi wa Mei mwaka huo ndege za manuwari Illustrious na Indomitable zilishiriki katika kuishambulia Diego Suarez, kule Bukini. Na uwanja wa Port Reitz, uliotumika wakati wa vita, ndio leo Uwanja wa Ndege wa Moi tunaopandia kwenda Nairobi. Miongoni mwa ndege za Illustrious ilikuwamo Swordfish, yenye mabawa ghorofa mbili.

Swordfish ina injini ya Bristol Pegasus, silinda 9 zilizopangwa duara, zinazopozwa kwa upepo. Pembeni ina mkanda mwembamba wa bati tu, na mbele iko wazi. Ukiitazama ndege usoni, kinachokutazama ni injini. Katika kipimo cha 1/48 upana wake ni karibu sentimita 3, na jicho halina pengine pa kwenda. Hapa nililipa, na sijuti.

Lakini nyaya za plagi sikununua. Kila silinda ina plagi 2, basi nyaya ni 18. Nilichuna kebo ya mtandao iliyokufa kazini. Ile ngumu ya ukutani ina waya wa karibu milimita 0.5. Zidisha mara 48 upate milimita 24: huo ni mpira wa kumwagilia maua! Ile laini ya kuchomeka kwenye kompyuta ina nyuzi za karibu milimita 0.2, ambazo kwa ukubwa halisi ni kama milimita 10. Sawasawa kabisa, tena bure.

Nikataka kuendelea na Albacore, ndege iliyokuwamo kwenye Indomitable. Nusura niiagizie Pegasus nyingine, maana ndege zinafanana na injini zote ni za Bristol. Bahati nikatazama picha kwanza. Albacore ina Taurus, silinda 14 kwa safu mbili, na haina zile fito za kusukumia vali zinazoonekana mbele ya Pegasus. Badala ya vali ina mirija inayoteleza ndani ya silinda. Ningelipa pesa nyingi kuweka uongo uliochongwa vizuri.

Wenzangu waandishi wa programu mtanielewa. Tunaongeza maktaba nzima kwa ajili ya kazi ya mistari kumi, eti kwa sababu ni nzuri. Kabla ya kulipa, jiulize matatu: Itaonekana? Ndiyo yenyewe? Mikono yangu haiwezi kuitengeneza? Ukijibu ndiyo mara tatu, nunua. Vinginevyo tafuta kebo iliyokufa.

Tukutane tena, inshallah.