Chupa isiyo na jina isiuzwe kivukoni

Kazi yangu ni kukanda. Niliipokea kwa bibi yangu hapa Mtongwe, Mombasa, na wanaonijia wengi ni wanawake waliobeba mizigo tangu usichana: ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni, kapu la samaki kutoka kivukoni hadi Timbwani. Wanaume huja wachache, tena wakiwa wamechelewa. Kuna waliokuwa makuli wa bandarini, wakaao Chaani na Changamwe, ambao hawawezi tena kuinama wakafunga viatu.

Mkono hunieleza goti lina nini. Goti lililosagika kwa umri hukwaruza chini ya kiganja, na mwenyewe atakwambia kwamba asubuhi huwa gumu kidogo kisha likalegea akianza kutembea. Hilo nalikanda, kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto na tangawizi, na mtu huondoka na nafuu ya siku mbili tatu. Lakini goti lililovimba ghafla, lenye joto na wekundu, siligusi. Huenda ndani mna usaha, au ni jongo, na huyo namwambia aende hospitali siku hiyo hiyo.

Linaloniumiza sasa ni nyuso. Mtu niliyemjua kwa uso mwembamba anarudi mashavu yamejaa, uso umekuwa duara, tumbo limetoka huku mikono na mapaja yamekonda, na ngozi inapata alama nikiigusa tu. Nikimuuliza anatumia nini, anatoa mkobani kichupa cha vidonge au unga usio na jina la mtengenezaji, alionunua kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti karibu na feri. "Lakini mama, goti lilipoa usiku ule ule," ananiambia kwa furaha. Maneno hayo ndiyo yanayonitia hofu. Hakuna mzizi ninaoujua mimi, wala alioujua bibi yangu, unaotuliza yabisi kwa usiku mmoja.

Kilichomo ndani ya vichupa vya namna hii kimeshapimwa kwingine. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya vidonge vilivyouzwa kwa jina la Artri King, vikisifiwa kuwa tiba ya asili ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni ni steroidi, dawa nzuri mikononi mwa daktari anayejua kipimo na muda wake. Ukiimeza miezi kwa miezi bila kujua, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, mwili hushindwa kupambana na maradhi, na uso huvimba kama huu ninaouona kibarazani kwangu. Diklofenaki nayo huchoma tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu ambaye tayari ananunua brufeni dukani na hajui kwamba anameza dawa za ukoo mmoja mara mbili.

Na hapa nawasihi wenye vichupa hivyo majumbani: msiache ghafla. Mwili uliozoea steroidi ya nje hupunguza kutengeneza ile yake, na mtu akikatisha siku moja anaweza kuanguka. Chukua chupa yako, nenda nayo hospitali ya Likoni au Port Reitz, mwonyeshe daktari, akupunguzie taratibu.

Nasema haya nikiwa mtu wa dawa za asili, na sitaki msomaji adhani nazidharau. Manjano nayaamini. Huko Thailand madaktari waliwachukua wagonjwa 367 wenye magoti yaliyosagika. Wengine wakapewa miligramu 1,500 za dondoo la manjano kwa siku, wengine ibuprofeni, na baada ya wiki nne nafuu ya makundi yote mawili ilikaribiana. Ila lile lilikuwa dondoo. Ndani ya unga wa manjano tunaonunua Kongowea, ile kurkumini yenyewe ni asilimia chache tu, na tumbo huifyonza kwa shida. Hushika vizuri zaidi ikiliwa na mafuta na pilipili manga, na ndiyo maana mchuzi wa samaki wa tui, wenye manjano na pilipili manga, una faida kuliko kijiko cha unga kilichokorogwa kwenye maji. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuzidisha manjano au tangawizi.

Samaki nao wasisahauliwe. Vibua na simu, samaki ambao watu wenye fedha huwapita sokoni, wana mafuta yale yale yanayouzwa kwa bei kubwa kwenye vidonge. Na sukari ya chai ipungue, na viazi karai vya kila jioni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja mtu anayopungua humwondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Mwanamke anayepanda mteremko wa feri kila siku ana hatua nyingi za kuhesabu.

Tena si kila kiungo kinachouma kinahitaji manjano. Kati ya Desemba 2017 na mwanzo wa Februari 2018 watu 453 waliripotiwa kushukiwa au kuthibitishwa kuwa na chikungunya katika kaunti yetu. Homa iliisha, lakini kuna waliobaki na vifundo na vidole vinavyouma kwa miezi. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji safi tuliyoyaweka kwenye mapipa kwa sababu mfereji hautoki. Pipa lenye kifuniko limezuia yabisi ambayo mikono yangu isingeweza kuiondoa. Na homa ya namna hiyo ikija, usikimbilie aspirini wala diklofenaki kabla ya kupimwa, kwani ikiwa ni dengi dawa hizo huzidisha kutokwa na damu.

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na dawa zina Bodi yake ya Dawa na Sumu. Nawaomba wote wawili waje Likoni, Kisauni na Changamwe bila sare, wanunue vichupa hivi kama wateja wengine, wavipeleke maabara, kisha watangaze kwa Kiswahili redioni, misikitini na makanisani kila kilichokutwa ndani na kiliuzwa wapi. Sisi wakandaji tutakuwa wa kwanza kuwaelekeza wanakouziwa watu.