Shangazi aliugua nini hasa?

Kuna sentensi inayorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya matanga hapa Kitengela: “Ametuacha baada ya kuugua kwa muda mrefu.” Kisha inafuata nambari ya mchango, jina la mweka hazina, na ratiba ya kusafirisha mwili kwenda Machakos, Kisii au Bissil. Tunachanga, tunapanda basi, tunazika. Ugonjwa wenyewe ulikuwa upi? Ukiuliza unaambiwa “tumbo”, tena kwa sauti ya kukuonya usiendelee.

Jibu hilo halitoshi tena, hasa kwa binti wa miaka 20 na kitu. Kati ya mambo yote yanayoongeza hatari ya saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, mazito zaidi ni mawili: umri na ukoo. Umri huna la kuufanya. Ukoo unaweza kuujua bila kulipa hata shilingi, ila lazima apatikane mtu wa kukuambia.

Wengi huchanganya saratani hii na ile ya mlango wa kizazi. Hiyo ya pili inatajwa sana, na ina njia zake: inasababishwa na virusi vya HPV, chanjo yake iliingizwa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na kuna uchunguzi kwa wanawake kuanzia miaka 25. Nendeni mkapimwe, hatuna mjadala hapo. Shida ni kwamba dada akishapimwa mlango wa kizazi, anarudi nyumbani akiamini huko ndani kote kuko shwari. Kipimo hicho hakifiki kwenye ovari.

Na ovari hazina kipimo cha kutegemewa kwa mtu asiye na dalili. Uingereza walijaribu. Zaidi ya wanawake 200,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, baadhi yao wakipimwa damu na kupigwa picha za ultrasound. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kuwa upimaji huo haukupunguza vifo. Kwa hivyo ukiona bango la kliniki linaloahidi kukagua “kizazi chote” kwa bei ya ofa, uliza kwanza wanakagua nini.

Hapo ndipo shangazi anapoingia. Kila mtu ana jeni mbili zinazoitwa BRCA1 na BRCA2, ambazo kazi yake ni kurekebisha uharibifu ndani ya seli. Wachache huzirithi zikiwa na kasoro. Kwa takwimu za Marekani, mwanamke wa kawaida ana uwezekano wa kama 1 kati ya 100 wa kupata saratani ya ovari maishani. Mwenye kasoro ya BRCA1, uwezekano huo ni kati ya 39 na 58 kwa 100. Wa BRCA2, ni kati ya 13 na 29. Kasoro hizo hizo huleta saratani ya matiti. Yaani shangazi aliyekatwa titi na nyanya “aliyeugua tumbo” huenda ni stori moja, ila kwenu zimesimuliwa kama mbili. Ipo pia kasoro nyingine ya kurithi inayounganisha saratani ya utumbo mpana, ya mfuko wa uzazi na ya ovari.

Halafu kuna hili la upande wa baba. Watu wengi, hata wasomi, wakisikia ugonjwa wa wanawake huhesabu mama, mama mdogo na nyanya mzaa mama, basi. Lakini jeni hizi mwanamume anazibeba vilevile. Baba akiwa na kasoro, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, hata kama baba mwenyewe hajawahi kuugua. Kwa hiyo kaka, usiruke makala hii ukidhani ni ya madada.

Angelina Jolie, mwigizaji wa Marekani, alimpoteza mama yake kwa saratani ya ovari mwaka 2007. Alipimwa, akakutwa na kasoro ya BRCA1, akaondolewa matiti mwaka 2013 na ovari mwaka 2015. Pesa alikuwa nazo, kweli. Lakini hata yeye alianza kwa kujua kilichomuua mama. Kipimo cha jeni hukipati katika kila maabara ya mtaa, na si kila mtu anakihitaji. Daktari ndiye huamua, na cha kwanza atakachokuuliza ni nani kwenu aliugua nini, akiwa na umri gani.

Kwenye saluni utasikia kwamba tembe za kupanga uzazi “zinaoza kizazi” na kuleta saratani ya ovari. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kinyume: waliotumia tembe za kila siku kwa miaka kadhaa wana hatari ndogo ya saratani hiyo. Kuzaa na kunyonyesha pia hupunguza. Tembe hizo zina mabaya yake, ikiwemo kuongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti wakati unazitumia, kwa hivyo zungumza na mhudumu wa afya. Na P2 si mojawapo ya tembe hizo, msijifariji.

Wengi wanaopata saratani ya ovari wamepita miaka 50. Kwa hivyo anayehitaji jicho lako leo pengine ni mama. Tumbo linalojaa gesi kila siku, kushiba baada ya vijiko vitatu, maumivu ya chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara: vikiwa vipya kwake na vikizidi wiki mbili tatu, asiendelee kununua dawa za vidonda vya tumbo au amiba kwenye kemisti. Aende hospitali, na ataje ovari mwenyewe iwapo daktari hazitaji. Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, asingoje hata wiki moja. Hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo unene kupita kiasi huiongezea nafasi.

Serikali ya Kaunti ya Kajiado nayo ina la kufanya, tena la bei rahisi. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba, na Kajiado ina wake, kuanzia ploti za Kitengela hadi maboma ya ndani kabisa. Wanapima presha, wanapima sukari. Waongezewe swali moja: je, upande wa baba au wa mama, kuna aliyeugua saratani ya matiti, ovari, mfuko wa uzazi au utumbo, na alikuwa na miaka mingapi? Jibu liandikwe na lifike kliniki. Wewe usiwangoje. Disemba ukienda ushago, kaa na nyanya jikoni, muulize, uandike kwenye simu yako kabla hajasahau majina.